Dohani ya Ibra

Baba yangu alikuwa mtu mfupi, na ufupi wake ndio uliotuletea balaa la nyumba. Ujanani alisoma Uingereza miaka michache, akapanga chumba kwa kikongwe mmoja wa Kiingereza katika kijiji ambacho, kwa maneno yake, kilikuwa na bata wengi kuliko watu. Nyumba ya yule kikongwe ilikuwa ya zamani mno: kuta nene zilizopinda, paa la mabua limekaa kama kofia iliyovutwa hadi masikioni, madirisha madogo, milango mifupi. Wapangaji wenziwe walikuwa wakijigonga vichwa asubuhi na jioni. Yeye peke yake alipita wima. Nadhani ndiyo nyumba ya kwanza duniani iliyomwona yeye kuwa ana kimo kinachofaa, na hakuisahau.

Tulirudi Oman mwanzoni mwa miaka ya sabini. "Kurudi" ndilo neno la wakubwa, ingawa katika sisi hakuna aliyewahi kufika. Baba akapata kazi serikalini kwa kuwa alijua Kiingereza na kupiga taipu, wakampeleka Ibra, tukakaa katika nyumba ya kupanga ya udongo, sisi na bibi, mama yake baba, na shangazi, mdogo wake baba. Hatimaye akapata kiwanja. Majirani wakangoja ajenge kama watu: paa bapa, ukuta wa kuzunguka, na majlisi karibu na lango ili wanaume wakaribishwe bila kuuona mlango wa jikoni. Bibi naye akangoja ajengewe kama kwetu Unguja: baraza nje, mlango mkubwa wa nakshi, na ua katikati. Siku moja ya Ijumaa, pilau likiwa bado mikononi, baba akatangaza kwamba atajenga nyumba ya shamba ya Kiingereza, ya zamani.

"Ya zamani utaijengaje mpya?" mama akauliza.

"Unaipinda kidogo tangu mwanzo," baba akasema, na akaendelea kula.

Fundi alitoka Samad Ash Shan, mtu mpole mwenye ndevu nyekundu za hina, bingwa wa matofali ya udongo. Ramani hapakuwa. Palikuwa na picha moja tu, na katika picha hiyo baba kasimama mbele ya nyumba, kavaa koti refu, kaifunika karibu nusu. Fundi aliitazama muda mrefu.

"Mwambie huyu mtu asogee," akasema kwa Kiarabu.

"Huyu ni mimi," baba akamjibu kwa Kiarabu chake cha vitabuni.

"Basi sogea."

Nusu iliyoonekana ikajengwa kwa picha, na nusu iliyofichwa na koti ikajengwa kwa maneno. Baba alikuwa akirudi kazini mchana, anasimama juani na mwavuli, anaeleza kwa mikono, na fundi anajenga kile alichodhani mikono inasema. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, na baada ya skuli nilikaa juu ya rundo la matofali kusikiliza. Sijapata kuchekeshwa kama hivyo tena, na watu wawili wenyewe hawakuwa wakichekesha. Walikuwa wakigombana kwa adabu.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa paa. Fundi alitaka kujua kwa nini limesimama vile.

"Mvua iteremke," baba akasema.

"Huko kwao inanyesha sana?"

"Karibu kila siku."

"Mashallah! Na rehema yote hiyo wao wanaimwaga nje?"

Baba akageukia mabua. Alitaka paa la mabua ya ngano, kwa kuwa ndivyo lilivyokuwa la yule kikongwe, na fundi akaleta mabua kutoka Samad, shehena ya lori nzima, akayafunga vizuri sana mpaka baba akakaribia kulia kwa furaha. Upande wa nyuma paa lilishuka chini mno, kwani huko Uingereza, baba alisema, hushuka hivyo. Huko Uingereza labda hakuna mbuzi wa Ibra. Haukupita muda, mbuzi wa mtaa mzima wakagundua kuwa bwana mgeni amewajengea meza. Walipanda kwa nyuma, wakala kuanzia ukingoni kwenda juu, kwa utaratibu, bila kugombana. Tulipoamka asubuhi tuliona mwanga mahali ambapo hapakuwa na dirisha, na katikati ya mwanga uso wa mbuzi anatafuna.

Ikabidi paa lifungwe upya kwa makuti ya mtende, ambayo mbuzi hawayataki. Na hapo ndipo bibi alipochachamaa.

"Weye mwanangu, miye nimezaliwa nyumba ya mawe, ghorofa tatu, Mji Mkongwe," akasema, kajifunga leso kiunoni kama anakwenda kupigana. "Tumekimbia, tumevuka bahari, tumekula ya kuliwa na yasiyoliwa, khalas, leo waja kunilaza chini ya makuti?"

"Si makuti, mama. Ni paa la Kiingereza."

"Makuti ni makuti hata akilala chini yake Malkia!"

Halafu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashusha sauti. Akamuuliza kitu ambacho sote tulikuwa tukijiuliza: kwa nini hakujenga kama kwetu? Mafundi wapo, mbao zapatikana, na yeye mwenyewe aijua ile nyumba yetu kila ngazi na kila tundu.

Baba alikuwa na kijiti cha kupimia mkononi, akawa anakigeuzageuza. "Nikiijenga ile, mama, nitakaa ndani yake naililia kila siku," akasema. "Hii ya mwingine. Hii naweza kuishi ndani yake nikacheka."

Bibi akainuka kwenye ndoo. Aliondoka akaenda kulikagua jiko, na tangu siku ile alilalamika juu ya kila kitu isipokuwa paa.

Na vya kulalamikia vilikuwepo. Kiangazi cha kwanza, wakati watu wote wa Ibra walipopandisha magodoro juu ya mapaa yao bapa kulala kwenye upepo, sisi hatukuwa na pa kupanda. Tukatandika uani, huku majirani wakituchungulia kutoka juu na kutuuliza kama tumegombana na nyumba. Madirisha ya mbele yalitazama njia, jambo ambalo hakuna mtu mwenye haya zake alilifanya, kwa hiyo mama aliyaziba kwa kanga, na nyumba ya shamba ya Kiingereza ikawa inasomeka mafumbo ya kanga kutoka nje. Kwa ajili ya mlangoni, baba aliagiza miche ya mawaridi ya Jabal Akhdhar kutoka soko la Nizwa. Yalikauka yote. Bibi akapanda mdodoki, ukapanda kwa hasira mpaka kwenye dohani ya moshi, na madodoki yakaning'inia juu ya vichwa vya wageni.

Dohani, ndiyo. Baba alitaka meko sebuleni, ya kuota moto. Ibra! Mahali ambapo mwezi wa saba maji ya bomba yanapika chai. Kwa yule kikongwe yalikuwepo meko mawili yaliyopeana mgongo, moja la sebuleni na moja la jikoni, yakitumia dohani moja. Fundi aliposikia hivyo aliona ni israfu. Ukuta mmoja, moshi mmoja, mashimo mawili ya nini? Akatoboa shimo moja tu, pana, moja kwa moja, kutoka sebuleni hadi jikoni. Baba alikuwa safarini Sur siku hiyo, na aliporudi kazi ilishakauka.

Matokeo yake ni kwamba ukiinama jikoni kwetu ungeiona sebule, lakini hadi magotini tu. Mama alitaka lizibwe siku ile ile, maana ni nyumba gani hii ambayo wanaume wakikaa sebuleni wanawake wanahesabu vidole vyao vya miguu? Bibi akakataa kata kata. Alikuwa ameshagundua kuwa upande wa jikoni panafaa kuliko mahali popote kwa kufukizia nguo. Unaweka chetezo chenye makaa na udi ndani ya meko, juu yake unatandaza nguo kwenye tenga la fito, na dohani inavuta moshi polepole nguo zikashiba. Nguo zetu zilinukia kuliko za Ibra nzima. Kwenye soko la wanawake waliuliza bibi ananunua udi wa wapi, naye akajibu kwa kiburi kwamba siri si udi, siri ni Uingereza.

Kitu kimoja tu baba alikipata kama alivyokitaka, nacho ni mlango wa mbele. Juu yake aliweka boriti nzito, nyeusi, kama ile ya yule kikongwe. Aliinunua Sur, bandari ya majahazi, ilikotolewa katika jahazi kuukuu lililovunjwa, na ilikuwa ngumu kama chuma. Kimo cha mlango alikipima kwa kusimama yeye mwenyewe na kilemba. Kila mtu mwingine aliinama. Baba alikuwa akisimama ndani kuwapokea wageni, nao wanaingia wameinamisha vichwa mbele yake, hata wakubwa wake wa kazi, na sura yake wakati huo ilikuwa ya mtu anayesikiliza kasida nzuri.

Sasa nimseme shangazi. Alikuwa amevuka thelathini, akisomesha skuli ya wasichana, na watu walishaanza kumzungumzia kwa kushusha sauti, kama mgonjwa. Posa mbili alizikataa mwenyewe. Wa kwanza, alisema, alikula kama anafukuzwa, na wa pili alimsahihisha bibi Kiarabu chake. Kisha siku moja maboksi ya vitabu vya skuli yao yakapelekwa kwa makosa skuli ya wavulana, na mwalimu wa hesabu wa huko, mtu wa Sur, akayarudisha mwenyewe. Alikuwa mrefu kupita kiasi. Kwenye ghala la skuli alijigonga kichwa mlangoni, akageuka, akauambia mlango, "Samahani."

Shangazi alirudi nyumbani akatuhadithia kisa hicho jikoni, akakirudia wakati wa chakula, akakirudia tena tukiosha vyombo. Mama akamtazama bibi. Bibi akamtazama mama.

"Kauomba radhi mlango," shangazi akasema mara ya tatu. "Mwanamume anayeuomba radhi mlango, mkewe atamfanyia nini?"

Yule mwalimu naye hakukaa, akaleta posa. Baba yake alikuwa ameshafariki, kwa hiyo msemaji wake alikuwa ami yake, na ami hakutaka. Alikuwa na maneno yake juu yetu sisi tuliotoka Afrika: kwamba tumesahau adabu za wazee, kwamba wanawake wetu wanacheka kwa sauti, na ya mwisho, aliyoyapata njiani, kwamba sisi wa Ibra tunalala kwenye zizi lenye pembe. Alikubali kuja mara moja tu, yeye na mposaji, bila jamaa wengine, aione nyumba na watu wake. Akiridhika, mazungumzo yataendelea, na mposaji ataruhusiwa kumwona shangazi siku hiyo hiyo. Asiporidhika, watarudi Sur na habari imekwisha.

Shangazi alikuwa mtu wa mzaha, lakini siku ile hakufanya mzaha. "Huyu nikimkosa," alituambia, "msiniletee mwingine." Nikaogopa kwa ajili yake, maana sikuwahi kumwona akitaka kitu hivyo.

Walisema watafika baada ya sala ya alasiri. Kwetu sisi, "baada ya alasiri" ni muda wowote kabla ya magharibi, mradi jua halijazama. Kwa ami, ilikuwa na maana ya kutoa salamu ya mwisho kwenye sala, kuvaa viatu, na kuja. Walipobisha hodi, halwa ilikuwa bado imefungwa, kahawa ndiyo kwanza inachemka, na nguo ya shangazi, ile ya kijani ya hariri, ilikuwa juu ya tenga mekoni, bibi akiyapuliza makaa yake.

"Inameni!" tukamsikia baba mlangoni. "Inameni, tafadhali, mlango mfupi."

Waliinama, wakaingia salama. Sisi wanawake tukalala kifudifudi kwenye sakafu ya jikoni mara moja, mama, shangazi na mimi, tukichungulia pembeni ya chetezo cha bibi. Kwanza ikapita miguu ya baba, midogo, ya haraka. Kisha ikaja miguu ya ami, mikavu, iliyopasuka visigino, ikikanyaga taratibu kama inakagua sakafu. Baba alikuwa ameweka viti vya kitambaa cha maua kama vya yule kikongwe, lakini ami hakuvitaka, akakaa chini, akaegemea kiti. Mwisho ikaja miguu mirefu ndani ya soksi nyeusi.

"Soksi moja kaivaa ndani nje," mama akanong'ona.

"Ana wasiwasi," shangazi akasema, na uso wake ukang'aa kwa furaha.

Ni lazima nieleze jambo ambalo huko Oman halielezwi, kwa sababu linajulikana na kila mtu. Mgeni huletewa halwa au tende, kisha kahawa, mpaka atikise kikombe kuwa imetosha. Mwisho kabisa, baada ya mazungumzo yote, huletwa chetezo cha udi. Kikishamzunguka mgeni, akajifukiza ndevu na kilemba, basi ruhusa imetoka, anasimama anaaga. Hakuna mwenye nyumba anayemwambia mgeni nenda. Udi ndio unaosema kwa niaba yake. Sisi tuliyajua hayo vizuri, na tuliyajua pia mambo ya kwetu, ya kufukiza nguo kabla ya shughuli. Katika nyumba yoyote yenye kuta za maana, desturi hizi mbili zisingeonana hata siku moja.

Salamu zikaanza, zile salamu ndefu: habari ya huko, mvua, mifugo, barabara. Hapo ndipo upepo wa alasiri wa mchangani ulipoinuka. Ukaingia kwenye dohani kutoka juu, ukateremka badala ya kupanda, ukaukuta moshi wote wa udi wa bibi, ukausukuma sebuleni.

Mwanzoni hatukuelewa. Tulichokiona ni ule moshi mweupe, mzito, ukitutoka na kwenda kwa wageni, ukiwapanda magotini. Bibi alikuwa ameweka udi wa harusi, si wa kila siku. Kule upande wa pili maneno yakakatika. Ami akavuta pumzi puani, kwa sauti. Hakuwa ameonja halwa. Hakuwa ameona hata kikombe.

"Alhamdulillah," akasema polepole. "Tumefahamu."

Na visigino vilivyopasuka vikasimama.

Baba angeweza kusema neno moja tu na mambo yakaisha. Lakini baba naye alinusa, na baba naye alikuwa Mwarabu. Alituambia baadaye kwamba alichodhani ni hiki: mama yake amemwona ami kupitia tundu, hakumpenda, na ameamua kumkatalia kwa udi. Mwana hampingi mama yake mbele ya wageni. Kwa hiyo miguu midogo nayo ikasimama, ikaanza kuwasindikiza, huku kila mmoja akimtakia mwenziwe heri kwa sauti ya msiba.

"Wanakwenda wapi?" shangazi akauliza. "Mama! Wanakwenda wapi?"

Miguu ya soksi ilikuwa ya mwisho kuinuka. Ilisimama kidogo mbele ya meko, haijui ielekee wapi, kisha ikageuka kumfuata ami. Baba hakukumbuka kusema inameni. Na mposaji, kwa huzuni aliyokuwa nayo, hakukumbuka kuinama.

Ile sauti aliisikia hadi mwadhini, alituambia mwenyewe. Boriti ile haikutikisika. Mposaji alikwenda chini kinyumenyume, urefu wake wote, na kwa kuwa sebule yenyewe ilikuwa ndogo, miguu ilibaki mlangoni na kichwa kikafika mekoni. Moshi ulipopungua, pale tulipozoea kuona vidole vya miguu palikuwa na uso wa mtu, umelala ubavu, macho wazi, ukitutazama.

Akaiangalia boriti kwa mbali, halafu akasema, kwa Kiswahili ambacho watu wa Sur walikipata majahazini, kizito kidogo, "Samahani."

Shangazi, kifudifudi upande wa pili, pua yake karibu na makaa, masizi shavuni, akamjibu, "Si kosa lako. Umeumia?"

"Mti gani huu?"

"Wa jahazi. Wa kwenu Sur."

Mposaji akafikiri. "Nimetoka Sur," akasema, "nikaja kupigwa na mti wa Sur."

Shangazi akacheka. Alicheka kwa sauti, ile ile ambayo ami aliambiwa tunayo, na kicheko kikatoka mekoni kikajaa sebuleni. Ami, ambaye alikuwa ameshatoka nje, akarudi ndani akiwa ameng'ang'ania fimbo. "A'udhu billahi!" akasema. "Ukuta unacheka!"

Hapo bibi hakuvumilia tena. Akatusukuma, akainama, akaingiza kichwa chake chote mekoni na leso yake, akatokea upande wa wanaume kama mtu anayechungulia kisimani. "Udi si wenu!" akamwambia ami kwa Kiarabu chake kibovu alichokuwa akikionea haya miaka yote. "Udi wa nguo! Nguo ya bibi harusi! Kaa chini, ya shekhe, unywe kahawa! Hujala kitu, wenda wapi?"

Ami alikitazama kile kichwa cha bibi kizee kilichoota mekoni. Akamtazama mtoto wa nduguye aliyelala chini na nundu inayopanda. Akamtazama baba, aliyekuwa anajifuta jasho kwa kilemba. Mabega yake yakaanza kutikisika. Tulidhani ana hasira, kumbe alikuwa akicheka, na alipoanza hakuweza kusimama, mpaka akakaa pale pale mlangoni chini ya madodoki, akaomba maji.

Akala halwa. Akanywa kahawa vikombe ambavyo mama aliacha kuvihesabu. Bibi akatoka kwa mlango kama watu, akamkanda mposaji kwa maji ya chumvi, na shangazi akaingia na ile nguo ya kijani, upande mmoja imefukizwa na upande mmoja haijafukizwa, masizi yangali shavuni kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Mposaji alimtazama mara moja kama alivyoruhusiwa, kisha akaitazama nundu yake kwa vidole. Ami akauliza swali moja tu: kama hiyo nyumba imekusudiwa kuwa hivi. Baba akasema ndiyo. Ami akasema basi hawa watu hawana cha kuficha, na kwa heshima ya mti wa Sur, mazungumzo yaendelee.

Walipokuwa tayari kuondoka hakuna aliyethubutu kuleta chetezo. Ilibidi ami mwenyewe auombe udi.

Harusi ilifanyika, shangazi akahamia Sur, na kila walipokuja kututembelea Ibra mumewe aliinama mlangoni hatua tatu kabla. Nyumba yenyewe haikuishi sana. Mwaka mmoja katikati ya miaka ya themanini ilikuja mvua hasa, ile mvua aliyoisema baba, na lile paa lilifanya kazi yake barabara. Maji yote yaliyoliangukia liliyatupa miguuni mwa ukuta, na ukuta ulikuwa wa udongo. Tulitoka salama sote, bibi amebeba chetezo. Baba alisimama kwenye matope na mwavuli wake akiangalia dohani, iliyobaki imesimama peke yake na mdodoki, akasema kwamba kwa yule kikongwe palikuwa na mfereji wa kuyaondoa maji ukutani, na yeye alisimama mbele ya mfereji katika picha.

Akajenga ya pili kwa matofali ya saruji, paa bapa, majlisi kando, milango mirefu ambayo ngamia angepita. Majirani walifurahi. Yeye aliishi humo kama mtu anayekaa ofisini. Boriti shangazi aliipakia kwenye pikapu akairudisha Sur, akaifanya kiti cha jikoni kwake.

Baba alifariki mwishoni mwa miaka ile. Wanaume walikuja kutoa pole majlisini, na sisi wanawake tulikaa chumba cha mkabala, mlango umerudishwa nusu. Kupitia upenyo wake niliwaona wakiingia mmoja mmoja, siku ya kwanza na ya pili, wakubwa wake wa kazi, majirani, wenye mbuzi waliokula paa letu. Wote waliingia wima, kwa kuwa mlango ulikuwa mrefu, na nikasikia uchungu nisioweza kuuelezea, kwamba amekufa na hakuna hata mtu mmoja wa kumwinamia.

Kisha ikaja miguu mirefu ya soksi nyeusi. Hatua tatu kabla ya mlango ikapunguza mwendo, na mumewe shangazi, ambaye juu yake palikuwa na hewa tupu ya kutosha mtu mwingine kusimama, akainamisha kichwa chini kabisa, akapita, akakiinua upande wa pili.

Shangazi alikuwa kando yangu. Alikuwa akilia tangu asubuhi, na sasa kicheko kikamtoka katikati ya kilio, kwa sauti, mpaka wanawake wakageuka. Akaushika mkono wangu.

"Bado anauona," akasema.